Acha kazi ya utingo: jinsi ya kuvuta karavani mwenyewe, hatua kwa hatua

Kila mwezi wa saba, shule za huku zikikaribia kufungwa, simu yangu haipumziki. Maswali ni yale yale. Dada, leseni yangu inaruhusu? Ikianza kuyumba nifanyeje? Nikifika kambini nikakuta nafasi nyembamba, na majirani wamekaa nje na vikombe vyao vya chai wananitazama, nitarudije rivasi mbele yao? Nimejibu vipande vipande mpaka nimechoka, kwa hiyo leo nimeandika yote mahali pamoja.

Naandika kwa ajili yetu tulioko Uingereza, maana sheria na vipimo nitakavyotaja ni vya huku. Karavani ninayoisema ni ile inayofungwa nyuma ya gari dogo, yenye vitanda, jiko na choo ndani. Ukiwa nchi nyingine uendeshaji ni ule ule, ila ulizia sheria za huko uliko.

Mimi nilikuwa utingo miaka minne. Mume wangu anaendesha, mimi nashuka kwenye mvua, nasimama nyuma, napunga mikono "njoo, njoo, njoo", kisha karavani ikigusa ua wa watu nalaumiwa mimi. Kiangazi cha nne tukiwa Cornwall akateguka mgongo akinyanyua pipa la maji. Hata kukaa hawezi. Leseni ninayo, gari nalijua, lakini karavani ilibaki kambini wiki mbili tukilipia, kwa sababu mtu mzima mimi nilikuwa naiogopa. Tazama wanandoa wakifika kambini, wengi wako hivyo hivyo: mwanaume kwenye usukani, mwanamke nyuma kwenye tope. Wala si suala la misuli. Karavani hainyanyuliwi na mtu yeyote. Inataka utaratibu usiorukwa, na saa chache kwenye uwanja mtupu.

Kabla hujagusa chochote

*Leseni.* Tangu tarehe 16 Desemba 2021, mwenye leseni ya kawaida ya gari dogo England, Scotland na Wales anaruhusiwa kuvuta tela lenye uzito wa juu wa hadi kilo 3,500, hata kama alipata leseni baada ya 1997. Zamani waliopata leseni kuanzia mwaka huo walibanwa zaidi na ilibidi wafanye mtihani wa pili. Mtihani huo haupo tena, lakini kutolazimishwa kufanya mtihani hakumaanishi unajua. Vyama viwili vikubwa vya huku, Caravan and Motorhome Club na Camping and Caravanning Club, vinaendesha mafunzo ya vitendo. Ukiweza kulipia siku moja, lipia.

*Uzito.* Hapa ndipo wengi wanakosea. Tafuta namba mbili. Ya kwanza ni uzito wa gari lako likiwa halina mizigo, imo kwenye kitabu cha gari. Ya pili ni uzito wa juu ambao karavani inaruhusiwa kufikia ikiwa na vitu vyake vyote. Imeandikwa kwenye kibati kilichobandikwa karibu na mlango wake. Ushauri wa miaka mingi kwa anayeanza ni kwamba karavani isizidi asilimia 85 ya uzito wa gari. Gari likiwa kilo 1,500, karavani isizidi kilo 1,275. Huo ni ushauri tu. Kikomo cha kuvuta alichoweka mtengenezaji wa gari si ushauri, na usikivuke hata kama hesabu ya asilimia inakuambia bado una nafasi.

Usikadirie kwa macho. Unaikumbuka mizani ya Vigwaza au ya Mariakani, malori yamejipanga mstari mzima? Huku nako kuna mizani za umma. Tofauti ni kwamba unakwenda kwa hiari yako, unalipa paundi chache na unapewa karatasi. Nenda mara moja ukiwa umepakia kama unavyosafiri. Utashangaa sufuria zina uzito gani.

*Vioo vya nyongeza.* Karavani karibu zote ni pana kuliko gari, kwa hiyo unafunga vioo virefu juu ya vile vya gari. Ukikamatwa huna, faini inafika paundi 1,000 na pointi 3 kwenye leseni. Faini tuiache pembeni: bila vioo hivyo huoni kitu.

*Pleti namba* ya nyuma ya karavani lazima iwe na namba ya gari linalovuta. Ukiazima gari la wifi yako, tengeneza nyingine.

Vingine: kipimo cha upepo wa tairi, vigingi viwili vya kuzuia magurudumu, glavu, spana ya kupimia mkazo wa nati, viatu vilivyofunga kidole. Bima, piga simu uulize kama inahusu kuvuta. Na angalia tarehe kwenye tairi za karavani, maana tairi za karavani huzeeka kabla ya kuisha. Kwenye ubavu wa tairi kuna namba nne: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 maana yake wiki ya 23 ya 2019. Zikifika miaka mitano anza kutafuta mpya. Zikipita saba usibishane, badilisha, hata kama kashata zinang'aa.

Kupakia

1. Weka vizito chini, katikati, juu ya ekseli. Mahema, viti, kreti la maji ya chupa, mchele, vyote sakafuni karibu na magurudumu. Makabati ya juu ni ya nguo, taulo na vikombe vya plastiki. Kabati la nyuma kabisa usiliwekee kitu kizito.

2. Mwaga maji yote. Lita moja ni kilo moja, na maji ya pipa huenda mbele na nyuma ukifunga breki.

3. Pima uzito wa pua ya karavani, yaani ule ambao ncha yake ya mbele inalikandamizia gari. Unatakiwa uwe kati ya asilimia 5 na 7 ya uzito wa karavani iliyopakiwa. Karavani ya kilo 1,200 iwe na kilo 60 hadi 84 puani. Kuna kipimo chake madukani, lakini mizani ya bafuni na kipande cha mti vinatosha: simamisha mti juu ya mizani, shusha kichwa cha karavani, kile kinachoshikana na gari, juu ya mti kikiwa katika usawa kinaokuwa nao kikifungwa kwenye gari, soma. Gari nalo lina kikomo chake cha pua, na kile cha chuma cha kuvutia ni kingine. Fuata kilicho kidogo kuliko vyote.

Nitakuambia kwa nini nasisitiza hatua ya 1. Safari yangu ya tatu nilikuwa na wageni kutoka nyumbani. Nikatia gunia la mchele la kilo 20, mifuko miwili ya mkaa na kisanduku cha barafu chenye nyama kwenye kabati la nyuma, kwa sababu ndilo lililokuwa wazi. Tuko M5, barabara kuu ya mwendo kasi (motowei), mteremko mrefu, basi kubwa likanipita kwa kasi. Kwenye kioo cha kulia nikaona mkia wa karavani umetokeza, ukapotea, ukatokeza kushoto, ukarudi kulia mara hii mkubwa zaidi. Gari nalo likaanza kuvutwa matako huku na huku. Shangazi aliyekaa nyuma alinyamaza katikati ya hadithi. Niliachia mafuta, nikaushika usukani umenyooka kama nimefungwa mikono, sikugusa breki. Ilichukua pengine sekunde kumi kutulia. Tulipofika kituo cha kupumzikia tulipakua kabati lote la nyuma kwenye lami, na safari iliyobaki gunia lilikaa katikati ya sakafu. Karavani haikuyumba tena.

Kufunga karavani kwenye gari

Ukianza kufunga, simu weka ndani. Mtu akikuongelesha katikati, anza upya tangu hatua ya 4. Nasema kweli, makosa mengi ya kufunga hutokana na mtu aliyekuja kusalimia.

4. Hakikisha breki ya mkono ya karavani imepanda juu kabisa na vigingi viko magurudumuni. Zima gesi kwenye mtungi. Funga madirisha na tundu la paa. Pandisha miguu minne ya pembeni mpaka mwisho.

5. Zungusha kigurudumu cha pua mpaka kichwa cha karavani kiwe juu kidogo kuliko tufe la chuma la gari. Rudisha gari taratibu hadi tufe liwe chini yake. Kamera ya nyuma inasaidia sana. Kama huna, bandika kipande cha utepe mwekundu katikati ya kioo cha nyuma cha gari na kingine katikati ya dirisha la mbele la karavani, uvilinganishe. Ukikosa kwa kiganja kimoja usivute karavani kwa mkono. Panda garini, songa mbele, rudi tena.

6. Shusha kichwa juu ya tufe. Utasikia *kak*, na kitufe kidogo kitaonyesha kijani. Karavani nyingi za siku hizi zina mpini wa pili wa stebilaiza, inayobana tufe ili kupunguza kuyumba, ushushe nao. Tufe la aina hiyo lisiwe na grisi wala rangi. Babu zetu walipaka grisi. Hapa grisi inaua stebilaiza.

7. Usiamini kijani peke yake. Zungusha kigurudumu cha pua kama unapandisha tena, mpaka uone matako ya gari yananyanyuka kidogo. Yakinyanyuka, vimeshikana. Kichwa kikichomoka, umeokoka: afadhali hapa kuliko kwenye kipilefti.

8. Funga waya wa dharura kwenye kitundu chake pale kwenye chuma cha kuvutia. Kazi yake ni kufunga breki za karavani endapo itachomoka. Usiwe mrefu wa kuburuza chini, wala mfupi wa kujikaza ukikata kona.

9. Chomeka plagi ya pini 13 na uizungushe mpaka ijifunge. Pandisha kigurudumu cha pua juu kabisa, ukikaze. Sasa toa vigingi, na mwisho kabisa shusha breki ya mkono ya karavani.

10. Taa. Washa indiketa kushoto, kulia, kanyaga breki, washa taa za usiku. Kama uko peke yako, egesha mkia wa karavani uelekee ukuta mweupe uone mwanga wake, au weka simu nyuma inarekodi.

11. Funga vioo vya nyongeza na uvirekebishe ukiwa umekaa kwenye kiti chako, mkao wako wa kawaida. Unataka uone ubavu mzima wa karavani na barabara nyuma yake. Sisi wafupi tupandishe kiti kwanza, kisha vioo. Wengi huanza na vioo, wakipandisha kiti baadaye kila kitu kimeharibika.

12. Zunguka mara moja, mikono mifukoni, kwa macho tu. Mlango umefungwa? Ngazi imeingizwa? Mtoto yuko wapi? Ni marufuku mtu yeyote kukaa ndani ya karavani ikivutwa, hata aliyelala.

Barabarani

13. Songa mita ishirini, kanyaga breki taratibu. Usikie karavani inasukuma kidogo kisha inashika. Kama gari linavuta kwa shida, simama uangalie kama umesahau breki ya mkono.

14. Kukata kona kushoto, pitiliza kidogo ndiyo ukate, kwa sababu magurudumu ya karavani hukata ndani kuliko ya gari. Kona zote unazokwangua kingo za barabara ni kwa sababu umekata mapema. Kwenye kipilefti ingia polepole na usiogope kuchukua nafasi. Anayepiga honi nyuma atafika nyumbani kwake.

15. Mwendo: maili 50 kwa saa, kama kilomita 80, kwenye barabara ya kawaida, maili 60, kama kilomita 97, kwenye motowei na barabara zilizotenganishwa katikati. Hivyo ni vikomo, wala si lengo. Kwenye motowei ya njia tatu au zaidi huruhusiwi kuingia njia ya kulia kabisa.

16. Acha nafasi mbele yako mara mbili ya unayoacha kila siku. Mtu akichomeka mbele yako, ongeza tena. Atachomeka mwingine. Ongeza tena.

17. Roli au basi likikupita, utahisi unasukumwa pembeni kisha unavutwa. Tarajia hilo ukiliona kwenye kioo. Achia mafuta kidogo, usukani ushikwe, breki usiguse.

Ikianza kuyumba, fanya kama nilivyofanya M5: achia mafuta, usukani unyooke, subiri. Makosa matatu yanayoua ni kukanyaga breki kwa nguvu, kujaribu kuikimbiza kwa kuongeza mafuta, na kupigana nayo kwa usukani.

Mnaniambia mnaogopa motowei. Mimi motowei naipenda: pana, imenyooka, hakuna anayekuja mbele yangu. Ninachoogopa ni vijia vya mashambani vya Devon na Cornwall, ua pande zote mbili na trekta mbele. Na ramani ya simu haijui kama unavuta kitu. Itakupeleka Sutton Bank kule Yorkshire, mlima wa moja kwa nne, yaani kila mita nne unazosonga unapanda moja, ambao karavani zimepigwa marufuku kabisa, au Porlock Hill kule Somerset, ambako utalia. Kabla ya kuondoka fungua ukurasa wa kambi unayoenda usome maelekezo yao ya njia. Wao wanajua ni kona gani karavani hunasa.

Siku ya upepo mkali usiondoke. Lipia usiku mmoja zaidi. Daraja la zamani la Severn na lile la Humber huwekewa vizuizi kwa magari marefu ya kwenda juu upepo ukizidi, na karavani ni ukuta wa plastiki wenye magurudumu.

Safari ya kwanza iwe maili kumi tu, Jumapili asubuhi, kwenda na kurudi, bila watoto. Ya pili peleka mwenzako ambaye haogopi na hasemi sana.

Rivasi

Haya, tumefika mlikokuwa mnangoja. Kwanza uamuzi mmoja: usifundishwe na mume. Wangu ni mtu mwema, lakini kama mwalimu wa rivasi hafai, na wanawake wote niliowaketisha kwenye usukani wameniambia hivyo hivyo. Mchukue shoga yako, au nenda peke yako.

Tafuta uwanja mtupu wa kuegesha, omba ruhusa kwa mwenyewe. Beba ndoo sita za plastiki. Ndoo ukiigonga inaruka tu.

18. Nyooka kwanza. Endesha mbele mpaka gari na karavani viwe mstari mmoja, ndipo uweke gia ya nyuma. Anayeanza rivasi tayari amepinda ameshapotea.

19. Rudi nyuma kwa mwendo wa bibi anayetoka msikitini. Klachi nusu, mafuta hakuna. Tazama vioo vyote viwili, kimoja baada ya kingine. Karavani ikianza kuonekana kubwa kwenye kioo cha kulia, zungusha usukani kulia kidogo, yaani *kuelekea kioo hicho*, kisha urudishe. Ikikua kushoto, zungusha kushoto. Kidogo. Robo ya mzunguko inatosha. Fanya hivi mara kumi kabla ya hatua inayofuata, hata kama unachoka.

20. Sasa kona. Anza na upande wa kulia, kwa sababu magari ya huku usukani uko kulia, na utaiona karavani kwa macho yako dirishani. Shika usukani kwa mkono mmoja, chini kabisa, pale ambapo saa ina 6. Unakopeleka mkono ndiko mkia wa karavani utakakoenda. Mkono kulia, karavani kulia. Kichwa kitakuambia ni kinyume; usikisikilize, sikiliza mkono.

21. Mara tu karavani inapoanza kujipinda, urudishe usukani na uifuate. Hapa ndipo kila mtu anapokosea. Anashikilia, anashikilia, karavani inajikunja kama kisu na kona yake inakaribia kukwaruza gari. Pinda kidogo, kisha ifuate, kana kwamba gari sasa linamfuata mtoto anayerudi nyuma.

22. Ikijikunja, simama. Usijaribu kuiokoa ukiwa unarudi. Endesha mbele mita kumi inyooke, uanze tena. Kusonga mbele si kushindwa. Madereva wa semi wa Bandari ya Dar wanasonga mbele mara tatu, nne, na hakuna anayewacheka.

23. Huoni? Funga breki ya mkono, shuka, kaangalie. Mara tano ukitaka. Angalia na juu, matawi ndiyo yanayotoboa paa.

Panga ndoo kama lango, upana wa karavani na hatua moja kila upande. Ukipita bila kugusa, sogeza ndoo ndani. Kwangu ilichukua Jumapili tatu. Ya kwanza niliangusha ndoo zote sita na nikalia kidogo. Ya tatu nilirudisha katikati ya magari mawili na sikushuka hata mara moja.

Ukiwa na utingo, kubalianeni kabla hujaingia garini. Mikono miwili juu ni simama. Ishara nyingine zote chagueni wenyewe, lakini hiyo haibadiliki. Asimame mahali unapomwona kwenye kioo. Asipoonekana, simama papo hapo, usiendelee kwa kumsikia. Au mpigiane simu, yako iwe kwenye spika na umeshaipokea kabla ya kuanza. "Kushoto" yake iwe kushoto kwako wewe dereva. Ndoa nyingi zingepona kwa hilo tu.

Na kuna karavani zenye mota ndogo kwenye magurudumu, zinaitwa muva, unaiendesha kwa rimoti ukiwa umesimama nje baada ya kuifungua. Watu husema ni kudanganya. Tumia. Ila jifunze rivasi kwanza, maana betri ya karavani huisha siku ya mvua.

Ukifika

Sawazisha kushoto na kulia kwanza ukiwa bado umefunga, kwa kupandisha gurudumu la chini kwenye kigingi cha mteremko. Funga breki ya mkono, weka vigingi, ndipo ufungue kutoka kwenye gari. Mbele na nyuma sawazisha kwa kigurudumu cha pua. Miguu ya pembeni shusha mwisho, iguse chini na kushika tu. Siyo jeki. Ukiinyanyua karavani kwa miguu hiyo utapinda sakafu.

Mambo yakikwama

*Kichwa hakitaki kuachia tufe.* Kimebanwa. Mara nyingi gari na karavani vinavutana. Funga breki ya karavani, rudisha gari sentimita chache, zima, jaribu tena. Pandisha kigurudumu cha pua kupunguza uzito. Usipige nyundo.

*Indiketa za karavani hazifanyi kazi.* Chomoa plagi, angalia pini iliyopinda au yenye kutu ya kijani, chomeka na uzungushe mpaka mwisho. Ikishindikana, fyuzi ya gari.

*Harufu ya kuungua na gurudumu la moto.* Breki ya mkono haikushuka yote, au breki imejishika. Simama pahali salama, usimwage maji baridi juu yake, piga simu kwa msaada. Kila ukipumzika, sogeza kiganja karibu na kila gurudumu bila kugusa. Moja likiwa la moto kuliko mwenzake, hilo lina tatizo.

*Foleni ya magari ishirini nyuma yangu.* Ukiona nafasi salama ya kuegesha, ingia, waache wapite. Usiongeze mwendo kwa sababu yao.

*Nimekutana na gari kijiani, mmoja lazima arudi.* Mwenye gari lisilovuta kitu ndiye arudi, na wengi wanajua. Washa taa za hazadi, simama, tabasamu, usitikisike. Akikaidi, shuka umweleze kwa upole kwamba wewe ukirudi mtakaa hapo mpaka jioni.

*Watu wanatazama.* Watatazama. Na atatokea bwana mmoja, mikono kifuani, aanze kukupa maelekezo ambayo hukumwomba, huku mwenzake upande wa pili akitoa tofauti. Simama. Shusha kioo, mshukuru, mwambie: "Kaka, nisaidie kitu kimoja, kasimame pale chini ya mti uniangalizie lile tawi." Atakwenda, na atalitazama tawi hilo kwa makini kabisa mpaka utakapokuwa umemaliza kuegesha.